Tiketi Hununua Nini?

Mwezi wa Novemba 1984, nilipokuwa mwanafunzi katika mji mmoja wa Uingereza, nilisimama kwa muda wa saa tatu ndani ya banda la maonyesho ya ng'ombe ili nisikilize bendi ya muziki wa roki ambayo siku hizo nyimbo zake zilikuwa vinywani mwa vijana wa kila bara. Sikusikia kitu. Hiyo ndiyo habari yenyewe kwa ufupi, na kama ingekomea hapo isingestahili kuandikwa. Lakini usiku uleule, miguu ikiwa imekufa ganzi kwa baridi, nilikaa nikaandika barua kwa mdogo wangu aliyekuwa Tanga, nikamwambia kuwa tangu nizaliwe sijapata kuona usiku kama huo. Insha hii inaihusu barua ile zaidi kuliko inavyoihusu bendi.

Jina la bendi sitalitaja, wala la ukumbi, wala la mji. Wanamuziki wale hawakunikosea, na waliouchagua ukumbi yawezekana wengi wao wamekwisha kwenda mbele ya haki. Nina kesi moja tu, nayo ni dhidi yangu mwenyewe.

Mdogo wangu alikuwa kidato cha nne. Alikuwa na kanda moja tu ya bendi hiyo, nayo ilikuwa imenakiliwa kutoka kwenye kanda nyingine iliyokuwa nakala ya nyingine, hata mvumo wa kanda ukakaribia kuizidi sauti ya mwimbaji. Miaka ile vitu vingi vilikuwa adimu nchini: sabuni, sukari, hata betri za redio. Yeye alizianika betri zake juani mchana kutwa ili jioni zipate nguvu ya nyimbo tatu au nne. Kanda ilipotoka nje na kujisokota, aliirudisha kwa kuizungusha na kalamu ya risasi. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, kwa hiyo wanamuziki hao alikuwa amewaona katika picha moja tu, aliyoikata gazetini. Niliposema katika barua kwamba nimenunua tiketi, alinijibu: "Kaka, nenda ukasikilize kwa niaba yangu. Kisha uniambie ule wimbo wa tatu unakuwaje wanapoupiga mbele za watu."

Tiketi ilikuwa pauni 8. Kwa mwanafunzi wa posho hicho kilikuwa chakula cha majuma mawili, na kwa hakika majuma mawili yaliyofuata nilikula mkate na maharage ya kopo.

Ukumbi ulikuwa banda kubwa la chuma na saruji, refu kama ghala la mkonge, kuta tupu, paa la bati. Wiki chache kabla yetu walikuwa wamekaa humo ng'ombe wa mashindano, na harufu yao haikuwa imeondoka. Viti hapakuwa. Mbele yangu palikuwa na nguzo ya chuma, na upande wa pili wa nguzo, mbali sana, watu wadogo kama vidole gumba walikuwa wakirukaruka katika mwanga mwekundu. Muziki ulipoanza, kila pigo la ngoma lilifika mara mbili, na maneno ya mwimbaji yalinifikia yakiwa yamechanganyika kama sauti za watu wanaozozana ndani ya kisima. Nilimwuliza jirani yangu huo ni wimbo gani. Akanitajia. Aliyekuwa nyuma yake akamkosoa, akataja mwingine. Wote wawili walikuwa wapenzi wa bendi hiyo kwa miaka mingi.

Wimbo ulipokwisha walipiga makofi, nami nikapiga. Tulipiga makofi hadi mwisho. Katika basi la kurudi, kijana mmoja aliwaambia wenzake kwa furaha, "Sasa naweza kusema nimewaona." Nikafika chumbani nikachukua kalamu. Nilimwandikia mdogo wangu juu ya taa, moshi, mavazi na wingi wa watu. Nilipofika kwenye swali lake niliandika: "Wimbo wa tatu hauelezeki kwa maneno."

Hebu tuanze na swali jepesi kabla ya zito. Je, niliibiwa? Mtu akiuziwa embe akalikuta limeoza ndani, humrudishia mwuzaji. Lakini usiku haurudishwi. Tena tiketi haikuandikwa popote kwamba mwenye kuwa nayo atasikia; iliandikwa tarehe, saa na mlango wa kuingilia. Mlango nilionyeshwa na kuingia niliingia. Kisheria basi sikudhulumiwa hata senti. Hata hivyo, hakuna mtu anayetoa chakula chake cha majuma mawili ili apite mlangoni. Baina ya kile tiketi inachoahidi na kile mnunuzi anachokitumaini kuna pengo, na biashara nyingi hujengwa ndani ya pengo hilo.

Mfano mkubwa wa jambo hili unajulikana na wengi. Tarehe 15 Agosti 1965 bendi ya Beatles ilipiga muziki New York katika uwanja wa besiboli ulioitwa Shea Stadium. Watu 55,600 walihudhuria. Jukwaa liliwekwa katikati ya uwanja, na watazamaji wakabaki kwenye majukwaa ya pembeni, mbali nalo. Kwa ajili ya ziara hiyo kampuni ya Vox iliwatengenezea amplifaya za wati 100, zilizohesabiwa kuwa kubwa mno wakati ule. Sauti ilipitishwa pia katika vipaza sauti vya uwanja, vilevile vilivyotumika kutangaza majina ya wachezaji wa besiboli. Dhidi ya mayowe ya watu 55,600 vyombo hivyo vilikuwa kama mtu anayeita ng'ambo ya bahari. Wanamuziki wenyewe hawakujisikia, kwani desturi ya kumwekea mpigaji spika ya kujisikilizia ilikuwa haijaenea. Ringo Starr, mpiga drams, amepata kueleza kuwa katika maonyesho kama hayo aliwatazama wenzake kwa nyuma wanavyotikisika ili ajue wimbo umefika wapi. Nyimbo zilikuwa 12, na kwa muda wa nusu saa hivi yote yalikwisha.

Liko jambo moja la kutafakari zaidi. Onyesho lile lilipigwa filamu, na filamu ilipotazamwa sauti yake haikuridhisha. Basi Januari 1966 wanamuziki waliingia studio London wakazirekebisha baadhi ya nyimbo na kupiga upya nyingine, ili filamu ipate kusikika. Maana yake ni kwamba mtu aliyeitazama filamu nyumbani alisikia tamasha ambalo aliyekuwapo hakulisikia. Ni nani basi aliyehudhuria?

Beatles walilitambua tatizo hilo kabla ya mashabiki wao. Onyesho lao la mwisho la kiingilio lilikuwa San Francisco, katika uwanja wa Candlestick Park, tarehe 29 Agosti 1966, usiku wa upepo na baridi. Uwanja ulichukua watu 42,500, lakini tiketi zilizouzwa zilikuwa kama 25,000. Paul McCartney alimwomba msemaji wao, Tony Barrow, arekodi usiku ule kwa mashine ndogo ya kaseti. Kanda ikaisha kabla wimbo wa mwisho haujaisha. Baada ya hapo waliacha kuzunguka, wakajifungia studio, na mwaka uliofuata wakatoa santuri ya Sgt. Pepper. Wangeweza kuendelea kujaza viwanja kwa miaka mingi, wakilipwa ili wasisikike, wakaona hiyo si kazi yao. Uamuzi ule nauheshimu kuliko nyimbo zao nyingi.

Sasa turudi bandani. Kilichotupata humo hakikuwa uchawi. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya meta 340 hivi kwa sekunde. Ikiwa ukuta wa nyuma uko meta 50 nyuma yako, sauti inayokupita huenda ikaugonga na kukurudia baada ya karibu theluthi moja ya sekunde. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una nusu sekunde kati ya pigo na pigo; kwa hiyo mwangwi huingia katikati ya mapigo, ukaleta ngoma ambayo hakuna aliyeipiga. Mwanasayansi wa Marekani, Wallace Sabine, alilichunguza jambo hili tangu 1895, alipoombwa atibu chumba cha mihadhara katika Chuo Kikuu cha Harvard ambamo neno moja lilidumu angani kwa zaidi ya sekunde tano. Usiku kwa usiku alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaipanga humo na kupima. Kutokana na vipimo hivyo likajengwa jumba la muziki la Boston, lililofunguliwa 1900, nalo hadi leo linasifiwa kwa usikivu wake.

Sabine aligundua pia kwamba mwili wa mtu hunywa sauti kama inywavyo mito. Msikilizaji basi si mgeni ndani ya ukumbi, ni sehemu ya ukumbi. Usiku ule koti langu zito la mtumba lilikuwa likipunguza mwangwi kwa ajili ya watu nisiowajua, na makoti yao kwa ajili yangu. Wazo hilo lilinifariji kidogo nilipolisoma miaka mingi baadaye. Lakini lilinifunza pia kuwa kosa halikuwa la kutojua. Kanuni za sauti zilikuwa zimejulikana kwa zaidi ya miaka 80. Yeyote aliyelichagua banda lile alihesabu vichwa, hakuhesabu masikio. Hapo ndipo nilipoiona dhuluma: si katika ubovu wa mahali, bali katika kuuza mahali huku ukijua kuwa ni pabovu.

Mtu ataniambia kuwa nataka makuu. Kwetu je, kumbi zilikuwa za namna gani? Swali hilo ni la haki, nami nimejiuliza mara nyingi. Kabla sijasafiri nilikuwa mpenzi wa dansi Dar es Salaam. Niliifuata NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ikaja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na baadaye Msondo Ngoma. Niliifuata Mlimani Park tangu ilipoanza 1978. Nakumbuka usiku ambao spika ilikoroma kama mgonjwa, maikrofoni ikakatika katikati ya ubeti, na umeme ukazimika kabisa. Hatukurudi nyumbani tukiwa na huzuni. Kwa nini?

Nadhani ni kwa sababu tulikuwa tukihitajika. Katika ukumbi wa dansi, gita likikugusa moyo unapanda jukwaani ukambandika mpigaji noti kwenye paji la uso, naye anakujibu kwa nyuzi. Watu wakiwa bado wanacheza, chemko hurefushwa. Wakikaa, wimbo hukatwa. Chombo kikiharibika tunaharibikiwa wote, na mpigaji hutucheka nasi tukamcheka. Sisemi kwamba kwetu hapakuwa na udanganyifu. Matangazo ya bendi zisizotokea tunayajua. Nasema tu kwamba ubovu wa spika na kutohitajika kwa msikilizaji ni misiba miwili tofauti. Wa kwanza mtu huuvumilia. Wa pili humdhalilisha, na mara nyingi humdhalilisha hata mpigaji. Tarehe 6 Julai 1977, katika uwanja wa Olimpiki wa Montreal, Roger Waters wa Pink Floyd alikasirishwa na vurugu za watazamaji hata akamtemea mate shabiki mmoja. Alijionea aibu, na kutokana na aibu hiyo akaanza kutunga habari ya ukuta unaomtenga mwimbaji na watu wake. Santuri ya The Wall ikatoka 1979. Ukumbi mbaya huwapofusha watu wa pande zote mbili.

Haya yote ni ya wengine. Sasa lililo langu. Nikiwa nimejua kwamba sikusikia, kwa nini niliandika kuwa nimesikia?

Kwanza, kwa huruma. Kijana anayeanika betri juani hupewi moyo wa kumwandikia kuwa kile anachokiota ni makelele bandani. Pili, kwa aibu. Nilikuwa nimekula mkate mkavu kwa ajili ya usiku ule. Kukiri kuwa ulikuwa bure ni kukiri kuwa mimi ni mjinga. Tatu, na hili lilinichukua miaka kulikubali, kwa majivuno. Nilikuwa Ulaya, naye alikuwa nyumbani. Ikiwa aliyeko mbele ya jukwaa hapati zaidi ya aliyeko na kanda iliyonakiliwa mara tatu, basi kwenda kwangu kote kulikuwa na maana gani?

Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akibisha mlango na kukuuliza rafiki yako amejificha wapi, huna haki ya kumdanganya. Sijapata kumfuata mwanafalsafa huyo hadi huko. Naamini uko uongo unaookoa. Lakini nimejiwekea kipimo: kabla ya kuuita uongo wema, uliza unamnyang'anya nini yule anayeambiwa. Uongo wa kumficha rafiki humnyang'anya muuaji nafasi ya kuua. Wangu ulinyang'anya nini?

Makofi yetu bandani yalikuwa uongo wa namna hiyohiyo. Tulimpigia makofi mwandaaji zaidi ya wanamuziki, nayo yakahesabiwa kama kura. Majira ya kuchipua yaliyofuata bendi nyingine kubwa ililetwa palepale, na tiketi zikaisha. Maelfu ya watu wakaenda kusimama nyuma ya nguzo kwa sababu sisi tuliotangulia tulisema kulikuwa kuzuri. Anayesifu kibaya alichouziwa humwuzia na mwenzake.

Ama mdogo wangu, nililijua nililomtenda mwaka 2009, aliponitembelea Dar es Salaam. Wakati huo alikuwa mwalimu wa fasihi mwenye mvi. Redio ya jirani ilipiga wimbo ule wa tatu, tukanyamaza wote wawili. Kisha nikamwambia ukweli. Hakushangaa.

"Nilikwisha jua, kaka," alisema. "Nilijua nilipoanza kusahihisha insha za wanafunzi. Mwanafunzi aliyesoma kitabu hujaribu kueleza, hata kama atakosea. Anayeandika kwamba kitabu hakielezeki, huyo hakukisoma."

Nikacheka, lakini yeye hakucheka. Akaniambia kwamba kwa miaka kadhaa kabla ya kutambua hivyo aliiamini barua yangu neno kwa neno. Baada ya kuisoma aliitazama kanda yake akaiona ni makombo. Muziki wenyewe ulikuwa ng'ambo, mbele ya taa na moshi, na yeye alikuwa na mvumo tu. Aliisikiliza mara mbili tatu zaidi, kisha akampa mwenzake wa darasani. Hakuipata tena.

Sikuwa na la kujibu. Kati ya ndugu wawili, yeye ndiye aliyekuwa ameusikia ule wimbo wa tatu: gita lake, maneno yake, pumzi ya mwimbaji kabla ya kiitikio, yote hayo kwa betri zilizoanikwa juani. Mimi sikuwa nimesikia hata kimoja. Nami nikatumia cheo cha kuwa nimekuwepo ili nimfanye aliyesikia ajione maskini. Hicho ndicho uongo wangu wa huruma ulichomnyang'anya.

Kisha akaniuliza, kama mtu anayerudia swali la zamani ambalo halikujibiwa, "Sasa niambie kweli. Hukusikia lolote?"

Nikafikiri. Nikamwambia kwamba kuelekea mwisho, nilipochoka kusimama, niliegemea ile nguzo ya chuma, nikaweka kiganja juu yake. Gita la besi lilikuwa likipita ndani ya chuma, safi, bila mwangwi, pigo moja kwa wakati mmoja. Nilikaa hivyo kwa nyimbo mbili nimefumba macho. Sikumwandikia hilo kwa kuwa niliona ni dogo mno kwa pauni 8.

"Hilo ndilo ungeniandikia," alisema.

Nimelirudia neno hilo mara nyingi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilichukua miaka 25 kufika mwisho, na njiani ikapoteza kanda ambayo haikuwa yangu. Tiketi hununua mlango. Pengine, kwa bahati, hununua na muziki. Lakini haiwezi kununua ulimi wa aliyeingia, wala aliyelipa ghali hapati kwa malipo hayo ruhusa ya kusema alisikia. Kama ulichokipata ni mtetemo wa nguzo, peleka nyumbani mtetemo wa nguzo. Huenda aliyebaki nyumbani ana kilichosalia.